Barua ya wazi kwa Wakatoliki mnaogombana kwa sababu ya Papa

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanangu, nanyi wadogo zangu ambao sasa ni wazazi na viongozi wa walei, nimewasikiliza kwa muda mrefu na leo naomba mnisikilize. Kila Papa anapotoa neno, mnagawanyika kabla hati yenyewe haijasomwa. Huyu anasema Papa amepotoka, yule anasema anayemkosoa Papa si Mkatoliki tena. Kisha Jumapili wote mnapanga mstari mmoja kwenda kumpokea Bwana. Nimeona kwa macho yangu, wakati wa kutakiana amani, mama mmoja akinyoosha mkono na jirani yake akijifanya anatafuta wimbo kitabuni. Walikuwa wamebishana juu ya waraka wa Papa. Nilipowauliza baada ya Misa, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameusoma.

Nisemalo ni hili, na wengine litawauma: wengi wenu hamgombani juu ya Papa. Mnagombana juu ya mnachokipenda nyinyi, na Papa mmemgeuza fimbo ya kuchapana.

Tazameni mlivyobadilishana nafasi. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alipotoa Humanae vitae na kushikilia kwamba njia zisizo za asili za kuzuia mimba haziruhusiwi, waliompinga walisema dhamiri ina neno la mwisho. Waliomtetea walijibu kwamba Petro, yaani Papa anayekalia kiti chake, amesema, basi yamekwisha. Wimbo huo uliimbwa hivyo hivyo enzi za Yohane Paulo II na Benedikto XVI. Akaja Papa Fransisko mwaka 2013. Mwaka 2016 akaandika Amoris laetitia juu ya ndoa na familia, na makardinali wanne wakamwandikia maswali yao kisha wakayatangaza hadharani. Mwaka 2021 akaibana Misa ya Kilatini ya zamani, ambayo Benedikto alikuwa ameifungulia njia mwaka 2007. Ghafla watu wa dhamiri wakawa walinzi wa utii, na watu wa "Petro amesema" wakaanza kupekua historia watafute mahali Papa alipowahi kupingwa.

Nina rafiki wa rika langu ambaye zamani hakuvumilia hata swali dogo juu ya Papa. Enzi za Fransisko alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti usiku, mrefu, akisema kiti cha Petro kiko wazi, yaani hakuna Papa wa kweli. Nilimwuliza: ulichokuwa ukikitii miaka yote ile ni kiti, au ni mtu aliyekikalia? Hajanijibu mpaka leo. Na nina dada yangu katika imani, msomi, aliyewahi kuwapinga maaskofu kila walipofungua kinywa. Siku niliyosema kwamba uamuzi mmoja wa Fransisko ulinisumbua, alinitazama kama Yuda.

Sasa tuna Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025. Jioni ile alipotokea kwenye roshani amevaa mozeta nyekundu, kile kijoho kifupi cha mabegani, ambacho Fransisko hakukivaa usiku wake wa kwanza, kuna walioshangilia na kuna walionuna, na mtu mwenyewe hajasema hata neno. Hiyo ni imani gani?

Mafundisho ya Kanisa hapa hayana giza kama mnavyofikiri. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, mwaka 1870, ulitamka kwamba Papa hakosei pale anapotangaza rasmi, akiwa mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, fundisho la imani au maadili ambalo Kanisa zima lazima lilishike. Tangu hapo Papa ametangaza fundisho la imani kwa namna hiyo mwaka 1950 tu, Pio XII alipotangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Lakini msikimbilie kusema kwamba basi yaliyobaki ni maoni yake binafsi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unatudai tuyapokee mafundisho yake ya kawaida kwa utashi na akili, kila moja kwa uzito wake: ni hati ya namna gani, amelirudia mara ngapi, amelisema kwa namna gani. Jibu alilompa mwandishi wa habari ndani ya ndege halilingani na waraka kwa Kanisa lote. Anayelifanya dogma, yaani fundisho lisilobadilika ambalo lazima kuliamini, anakosea, na anayelifanya uthibitisho wa uzushi anakosea zaidi.

Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 212, inasema waamini wana haki, na mara nyingine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao mawazo yao juu ya mema ya Kanisa. Wenye kupenda kukosoa wameikariri. Naomba waimalizie, kwa sababu inaendelea kudai kulinda imani na maadili, heshima kwa wachungaji, manufaa ya wote na hadhi ya watu. Sijui mnaiachaje nusu hiyo.

Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, naye ametuandikia hivyo katika Barua kwa Wagalatia. Ana kwa ana, mbele ya watu walewale waliohusika, kwa jambo moja lililotajwa wazi: Petro alikuwa ameacha kula pamoja na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi.

Katarina wa Siena nampenda kuliko wote katika jambo hili. Binti wa fundi wa kutia nguo rangi, hana cheo, anamwandikia Papa Gregori XI aliyekuwa akikaa Avignon, Ufaransa, anamwambia arudi Roma na asiwe mwoga. Alifika hata kumwambia kwamba kama hataki kuyatumia mamlaka aliyopewa, ni afadhali ayaachie. Maneno makali kuliko mengi ninayoyasikia kwenu. Lakini mwanamke huyohuyo alimwita Papa "Kristo mtamu duniani", na hakuyaacha maneno hayo Papa alipomkwaza. Gregori aliingia Roma Januari 1377.

Halafu yakaja magumu zaidi. Mwaka 1378 Kanisa likagawanyika kati ya Papa wa Roma na mwingine aliyerudi Avignon. Katarina alisimama na Urbano VI wa Roma. Vinsenti Ferrer, mhubiri mkubwa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alisimama upande wa Avignon. Leo wote wawili ni watakatifu, tunawaomba watuombee. Mnaponiambia kwamba ndugu yenu aliyeko upande wa pili hawezi kuwa na Roho wa Mungu, mimi nawafikiria hao wawili.

Na msidhani hayo ni ya kale tu. Desemba 2023 Roma ilitoa hati iitwayo Fiducia supplicans juu ya baraka kwa watu walio katika mahusiano yasiyo ya kawaida, wakiwemo wa jinsia moja. Maaskofu wengi wa Afrika hawakukubali baraka hizo kwa wenzi wa jinsia moja zitolewe katika makanisa yao. Kardinali Ambongo wa Kinshasa, aliyekuwa akiongoza umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika, kwa niaba yao alikusanya maoni, akaenda kuzungumza na Papa Fransisko mwenyewe, na tarehe 11 Januari 2024 akatoa tamko ambalo Papa alikuwa amelikubali. Walisema hapana, na katika tamko hilohilo wakasema wamefungamana na Khalifa wa Petro. Ukilipenda tamko lile au usilipende, itazame njia waliyopita.

Mtaniuliza: na Papa akikosea kweli? Imewahi kutokea. Papa Yohane XXII alihubiri, kuanzia mwaka 1331, kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris walimpinga kwa hoja. Mzee yule aliyakana maneno yake kabla ya kufa mwaka 1334, na mwaka 1336 Papa aliyemfuata akalifunga suala hilo rasmi. Hakuna aliyehitaji kuanzisha kanisa jingine.

Kwa hiyo, mwenye jambo moyoni juu ya Papa asome kwanza hati nzima. Kisha aandike kwa askofu wake, karatasi moja inatosha: ataje hati na aya, aulize swali lililo wazi, aweke jina lake halisi chini. Asiyejua pa kuanzia na aje kwangu baada ya Misa, tutaiandika pamoja, hata kama nipo upande usioupenda.

Mzee wenu katika Kristo