Mwanangu, lile la kwenye kundi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili ulipotusimulia ulivyomtandika kwa maneno yule kijana aliyechelewa kazini, kwenye kundi lenu la WhatsApp, mama yako alicheka, mimi nikajifanya nahangaika na redio. Nilisikia kila neno. Nimeona nikuandikie, maana ana kwa ana ungenikatiza.

Kijana anakaa Kimara, umesema mwenyewe. Siku ile mvua ilipiga tangu usiku, na Jangwani ikijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi hayavuki. Wewe unatoka Mwenge, ungejuaje? Ungeuliza. Ukaona bora uandike kwa herufi kubwa mbele ya watu 23.

Sikulaumu sana, mama, kwa sababu mimi niliwahi kufanya baya zaidi. Nilipokuwa msimamizi wa ghala pale Barabara ya Pugu (najua siku hizi ni Nyerere, ulimi umeshazoea), tulipakua sukari usiku wiki mbili mfululizo. Bosi akanidokeza koridoni kwamba hela ya ovataimu itatoka Ijumaa. Nami, kwa kiherehere cha kutaka kupendwa, nikawatangazia wote. Ijumaa ikafika, hela hakuna. Unajua nilifanya nini? Nilitokea mlango wa nyuma kwenda kudandia daladala.

Hawakugoma, hawakunitukana. Jumatatu wakaniamkia vizuri kabisa. Masika yalipoingia, bati moja la pembeni likatoboka. Wapakuaji wote walikuwa wakiliona, hata walihamisha benchi lao la chai wasidondokewe. Mimi hakuna aliyenigusia. Nakuja kushtuka, magunia ya chini yamegeuka shira na sisimizi wamepanga foleni mpaka getini. Nikamuuliza mzee mmoja mbona amenyamaza. Akanitazama, akasema, "Si na wewe ulinyamaza?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Watu unaowasimamia nao hesabu wanazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 imeandika saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, usidhani hawajui. Hela ikichelewa, waambie haijatoka, umemuuliza nani, na utarudi kwao siku gani. Kisha siku hiyo urudi, hata kama ulichonacho mkononi ni "bado".

Huyo kijana mwombe radhi, na iwe humo humo kwenye kundi. Ukimvuta pembeni, wale 22 watabaki na lile la kwanza. Mistari miwili inatosha, usichomeke "lakini". Kama ni mchelewaji wa kila siku, hilo ni jambo jingine: mwite, funga mlango, msikilize kwanza. Likifikia kikao cha nidhamu, mpe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa. Kanuni zinataka kwa kawaida usipungue saa 48. Siyo umrekodie sauti saa nne usiku, kama nilivyosikia mnafanya siku hizi.

Akikujibu nipigie, ila usipige saa mbili, nasikiliza taarifa ya habari. Mama yako anaulizia hotipoti yake.

Baba yako