Tupeni namba za vipimo vya maji, siyo neno "yanafaa" peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu niseme machache kuhusu maji ya kunywa. Mimi ni mzaliwa wa Arumeru, mkoani Arusha. Kwa miaka tisa sasa naishi katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, nikifanya kazi kwenye idara ya maji ya mji huo. Kazi yangu ni kuchukua sampuli visimani na kuzisafirisha maabara.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu akiwa na furaha kubwa. Kijijini wamechimbiwa kisima kirefu, kilula kiko hatua chache kutoka nyumbani, na maji ni baridi na meupe. Nikamuuliza, "Mama, karatasi ya maabara mmeiona?" Akanijibu, "Mwanangu, kwenye mkutano wametuambia yanafaa. Karatasi iko kwa wakubwa." Usiku ule sikulala vizuri, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na huku niliko. Sheria ya maji ya kunywa ya Marekani ilirekebishwa mwaka 1996, ikamtaka Wakala wa Mazingira, EPA, atoe kila baada ya miaka mitano orodha ya vitu visivyozidi 30 ambavyo bado havina kiwango kisheria, kisha vipimwe kwenye maji ya umma nchi nzima. Haijalishi kama kitu hicho kimethibitishwa kuwa na madhara au la. Kinapimwa ili ijulikane kipo wapi na kwa kiasi gani, na uamuzi wa kukiwekea kiwango unakuja baadaye. Awamu iliyotufikia sisi ni ya tano, na vipimo vyake vilipangwa kufanyika kati ya 2023 na 2025. Orodha yake ina kemikali 29 za kundi liitwalo PFAS, pamoja na madini ya lithiamu. PFAS ndizo ambazo zimekuwa zikitumika kwenye vikaango visivyoshika chakula, makoti ya mvua, karatasi za kufungia chipsi na povu la kuzimia moto kwenye viwanja vya ndege. Haziozi, na zikishaingia ardhini hukaa.

Zamu yetu ilifika mwaka 2024. Kwa kuwa mji wetu una watu wasiofika 10,000, gharama ya maabara ililipwa na EPA. Tuliletewa kasha lenye chupa za plastiki, vipande vya barafu na maelekezo ambayo mwanzoni niliyaona ya ajabu: asubuhi ya siku hiyo usijipake mafuta mikononi, usivae koti la mvua, usiguse ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huzungushia kwenye nyuzi za koki, vaa glavu mpya kila unapobadilisha kituo. Chini ya baadhi ya chupa kuna dawa ya unga, kwa hiyo usizisuuze. Kuna chupa moja imejaa maji safi kabisa kutoka maabara. Hiyo unaifungua palepale kisimani, unayamimina maji yake kwenye chupa tupu, unafunga. Kemikali ikionekana kwenye maji hayo, basi imetoka mikononi mwako au hewani, na sampuli yako haiaminiki.

Uangalifu wote huo ni kwa sababu kinachotafutwa ni kidogo mno. Kwa baadhi ya kemikali hizi maabara zilitakiwa kuripoti kuanzia nanogramu 4 kwa lita, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Chukua tangi la lita milioni moja: ndani yake unatafuta miligramu 4, chumvi ambayo haijazi hata ncha ya kisu.

Majibu yaliporudi, kisima chetu cha tatu kilikuwa na nanogramu 7 kwa lita za aina moja ya PFAS, iitwayo PFOS. Idara ikaiandika namba hiyo kwenye ripoti ya mwaka, ile ambayo kwa sheria ya huku lazima itolewe kwa wateja ifikapo Julai mosi. Siku chache baadaye akaja ofisini bibi mmoja wa mtaa wa jirani, ameshika karatasi mbili. Moja ni ripoti mpya. Ya pili ni ya miaka kumi iliyopita, kutoka awamu ya tatu, ambapo mji wetu ulikuwa kati ya mifumo midogo 800 iliyochaguliwa kuwakilisha mingine. Ile ya zamani ilisema kemikali hii haikugunduliwa. Akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, imeingia lini?"

Nilimwambia ukweli. Wakati ule maabara zilitakiwa kuripoti PFOS kuanzia nanogramu 40 kwa lita. Chini ya hapo ziliandika haikugunduliwa. Saba ingeandikwa hivyohivyo, na hata 39. Huenda ilikuwemo muda wote akipikia wajukuu wake. Yule bibi hakugomba. Alikunja karatasi zake, akaniomba nimwandikie jina la chujio linalosaidia. Mpaka leo nikipita kwake nauona ule mkono unavyokunja karatasi.

Sisemi Marekani wamemaliza. Waliipima PFOS kuanzia 2013, na kiwango cha kisheria, nanogramu 4, kikatangazwa Aprili 2024. Mwaka uliofuata serikali ikasema inakusudia kuziongezea mamlaka za maji muda hadi 2031. Wenye visima vyao binafsi hawamo kabisa kwenye mpango huu. Lakini namba zilikuwepo, zimeandikwa, na mwananchi wa kawaida angeweza kuzisoma.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu mimi mwenyewe nina meno ya kahawia. Mtu wa Arusha au Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Floraidi, madini yaliyomo kwa wingi kwenye maji ya kwetu, ikizidi huharibu meno ya mtoto wakati yangali yanaumbwa ndani ya fizi, mpaka umri wa miaka kama minane, na baada ya hapo hakuna mswaki utakaoyarudisha. Ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa. Mama alikuwa anachemsha maji yetu kila jioni, anayaacha yapoe kwenye mtungi, anafunika kwa kitambaa cheupe. Alifanya kila alichofundishwa kliniki. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu, na kwamba maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki palepale na kukolea. Wala kwamba magadi tuliyotia kwenye maharage nayo yanaongeza.

Na muda wote huo maji yale yalikuwa halali. Kiwango cha muda kilichowekwa Tanzania mwaka 1974 kilikuwa miligramu 8 kwa lita. Baadaye kikawa 4. Leo ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Ukiangalia historia hiyo unaona kwamba maji yaleyale, kwenye ndoo ileile, yanaweza kuitwa "yanafaa" mwaka huu na "hayafai" mwaka ujao, bila tone moja kubadilika.

Marehemu baba alikuwa mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Bomba la kwanza lilipofika, yeye alisisitiza apewe nakala ya karatasi ya maabara, akaihifadhi ndani ya Biblia. Iliandikwa floraidi 3.6, na chini yake, kwa mhuri, "yanafaa kwa matumizi ya binadamu". Kiwango kiliposhushwa, hakusubiri kuambiwa. Aliitoa ile karatasi, akaenda nayo kwenye mkutano wa kijiji, akaonyesha kwa kidole: 3.6. Ndipo wakakubaliana maji ya bomba lile yawe ya kufulia na mifugo, na ya kunywa watoto yatoke chemchemi ya juu. Wajukuu wake wawili wa mwisho wana meno meupe. Kama karatasi ile ingekuwa na mhuri peke yake, baba angeshika nini mkononi?

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu kwa Wizara ya Maji, RUWASA (wakala wa maji vijijini) na mamlaka za maji za mijini ni hili. Kila kisima na kila mradi, majibu yote ya maabara yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au mtaa: jina la kitu, namba iliyopatikana, na kiasi kidogo kabisa ambacho mashine ile ingeweza kukiona. Hicho cha mwisho msikiache, kwa sababu ya yule bibi. Karatasi moja na gundi haviwezi kuishinda serikali.

Pili, tuwe na orodha yetu fupi ya vitu visivyo na kiwango, vipimwe kwenye vyanzo vichache vilivyochaguliwa vizuri, na gharama isibebwe na kijiji. Arumeru ina mashamba makubwa ya maua na mboga. Dawa zinazopuliziwa leo si zilezile za miaka 20 iliyopita, na orodha ya vipimo ingepaswa kufuata kilichopo dukani. Wataalamu tunao. Taasisi ya Nelson Mandela iko palepale Tengeru, na watafiti wake wameishughulikia floraidi kwa miaka. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kiliwafundisha watu kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe tangu zamani.

Najua wapo watakaosema tutawatia watu hofu. Mama yangu ana miaka 71, amezika mume na amelea watoto sita. Namba haitamwangusha.

Nimemwomba Jumatatu aende ofisi ya kijiji na mjukuu wake mwenye simu, waombe kuipiga picha karatasi ya kisima kipya. Wakipewa, tutaisoma pamoja kwa simu, mstari kwa mstari, tukianzia kwenye floraidi. Wasipopewa, nitaandika tena.

Wako,
Mpima maji, mzaliwa wa Arumeru
Ohio, Marekani