Upasuaji wa mgongo hutuliza mguu kwanza

Haipiti wiki bila mtu kutuwekea mezani bahasha ya picha za MRI na kuuliza: "Nikapasuliwe, au nisubiri?" Sisi ni kituo cha mazoezi tiba, hatupasui mtu. Kazi yetu huanza mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani.

Nasi humjibu kwa swali: kinachokunyima usingizi ni kiuno, au ni ule moto unaoshuka kwenye tako na paja hadi vidole vya mguu? Kama ni mguu, mara nyingi diski (mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo) mojawapo kati ya zile mbili za chini kabisa za kiuno imechomoza, ikabana mshipa wa fahamu. Daktari hukata sehemu ya sentimita chache, akaondoa kipande kinachobana, na wengi huamka moto wa mguuni umepungua sana. Ganzi ndiyo huchelewa kuondoka, maana mshipa wa fahamu ulioumia hupona polepole mno, kama milimita 1 kwa siku. Kiuno kikiuma peke yake, matokeo ya kisu hayatabiriki kirahisi. Hapo tungekuambia usikimbilie.

Hata wenye maumivu ya mguu, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na mazoezi. Lakini mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, ukihisi ganzi sehemu za siri na makalioni, au unyayo ukaanza kuburuta, usije kwetu wala usiende kuchuliwa. Nenda hospitali usiku huohuo.

Mama mmoja wa genge alikuja siku ya 9 baada ya upasuaji, kajipinda upande, kashikilia mlango wa bajaji. Alijiona amepona, akanyanyua ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wiki 6 za mwanzo sisi hatutaki uzidishe kilo 2 au 3. Bahati yake, ilikuwa misuli tu iliyokaza. Tukaanza na kuamka kitandani: kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kama gogo, shusha miguu, ndipo mkono usukume. Mara ya nne akacheka: "Kumbe miaka yote hii sijui kuamka!"

Choo cha kuchuchumaa nacho ni mtihani. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatosha, fundi wa mtaani anakitengeneza. Kutembea ruksa tangu siku za mwanzo, dakika 10 asubuhi na jioni, ukiongeza kidogokidogo. Daladala ya kusimama na bodaboda ya makorongo, subiri kwanza. Waliofungwa skrubu za kuunganisha pingili za mgongo wana ratiba yao, ndefu zaidi, maana mfupa huchukua miezi kuunga.

Ukija mara ya kwanza, leta barua ya ruhusa ya hospitali na picha zako. Kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, anzia kwa daktari aliyekupasua.