Mashua ya mgeni isikate nyavu za mwenyeji

Mhariri,

Uvuvi wa mshipi wa burudani sasa ni kazi inayolisha watu wengi hapa kwetu Uganda, kuanzia Entebbe na Jinja hadi visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, na kule Nile chini ya Maporomoko ya Murchison. Mgeni analipa, mwongozaji anamtafutia mbuta (sangara) mkubwa, picha inapigwa. Hatuna neno na hilo. Tunaloandikia ni ugomvi unaozuka majini kati ya mashua hizi na wavuvi wa nyavu, na mara nyingine kati ya waongozaji wenyewe. Karibu kila ugomvi wa namna hiyo unaweza kuzuiwa na mtu mmoja, naye ni yule aliyeshika usukani. Mgeni tusimlaumu. Atajuaje maana ya chupa ya plastiki inayoelea katikati ya ziwa?

Nyavu za kutega hushushwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Alama zake ni vipande vya ndala, chupa tupu au jerikani. Kamba ndefu ya ndoano huwa na jerikani kila mwisho, na katikati usione kitu, ilhali chini yake kuna mamia ya ndoano zilizotiwa chambo cha nkejje, samaki wadogo wa ziwani, au kambare wadogo. Kwa hiyo ukiona jerikani moja, usiende popote mpaka uione ya pili. Ukishaiona, zunguka nje ya mojawapo, hata kama itakuchukua dakika kumi zaidi. Chambo bandia cha kuzama, kikikokotwa mita 40 nyuma ya mashua, hushuka mita tatu hadi sita, na nyavu nyingi zinazotegwa karibu na uso wa maji zimesimama humo humo.

Ikiwa nyavu zimeziba mlango wote kati ya mwamba na kisiwa na huna budi kupita, kunja mishipi yote kwanza. Pita katikati ya maboya mawili, mahali ambapo kamba ya juu imelegea na kuzama kidogo. Elekeza mashua ivuke juu ya wavu kama msalaba, zima injini, inua rafadha, yaani panga la injini, nje ya maji, uache mashua iteleze yenyewe.

Chambo kikinasa wavu, wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu. Ndoano ya vichwa vitatu ikivutwa inakusanya macho ya wavu kama uma unavyokusanya tambi, na kila jicho linalokatika linafungua tundu ambalo samaki atapitia usiku. Simamisha mashua, rudi polepole juu ya mshipi wako huku ukiukunja, inua sehemu ile ya wavu kwa mkono, toa ndoano moja moja kwa koleo. Isipotoka, kata ndoano yako. Chambo ni mali ya dukani. Wavu ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Na rafadha ikijizungushia wavu, usiiwashe kinyume kujinasua, kwani utakaza zaidi. Inua injini, uzungushe rafadha kwa mkono kinyume cha mzunguko wake, fungua taratibu. Kisha mtafute mwenye wavu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, mwonyeshe ulipoharibika, mlipe siku hiyo hiyo. Kuondoka kimya ndiko kunakofanya mashua ya mwongozaji mwingine irushiwe mawe kesho yake.

Wavuvi wa mukene (dagaa) tuwakumbuke pia. Wao huvua usiku usio na mbalamwezi, taa zao zikiwakusanya samaki wale wadogo chini ya mtumbwi. Mashua inayorudi usiku ikipita karibu na kumulika kurunzi, mukene wanatawanyika na kazi ya saa nzima imepotea. Pita mbali, mwanga wako uelekeze chini.

Kati ya waongozaji wenyewe mambo si mengi. Aliyefika kwanza kwenye mwamba ndiye mwenye upande. Wa pili aulize kabla ya kurusha, na akae angalau mita 50. Usikatize nyuma ya mashua inayokokota chambo bila kuacha mita 100, maana mshipi huuoni. Mwenzako akinasa samaki mkubwa, kunja mishipi yako umpishe, kwa kuwa mbuta hukimbilia popote, hata chini ya mashua yako. Na mahali ulipoonyeshwa na mwenzako kwa wema usipauze kwa wageni wako wiki ijayo kama pako.

Jambo zito zaidi ni samaki anayerudishwa. Kipimo cha mbuta wa kuchukuliwa tunachofuata upande wetu wa Ziwa Victoria ni sentimita 50 hadi 85; wengine wote warudi majini. Wa chini ya hapo kwa kawaida hajazaa. Wa juu ya hapo mara nyingi ni jike, na jike mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Chora mistari miwili kwenye ubao wa mashua, 50 na 85, usipime kwa macho. Lakini kumrudisha samaki aliyekwisha kufa ni kujidanganya, na mbuta hufa upesi kuliko wageni wanavyodhani. Anahitaji oksijeni nyingi, na maji yetu ya vuguvugu hayana ya kutosha kumrudishia pumzi baada ya mvutano mrefu. Mgeni anayetaka kumchezea kwa mshipi mwembamba ili mchezo uwe mtamu anamuua bila kujua. Mpe mshipi wa kuhimili kilo 20 au zaidi, breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikazwe vizuri, samaki afike mashuani angali na nguvu.

Kisha kuna kina. Bondo la mbuta, yaani kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea, limefungwa, halina njia ya kupumulia hewa nje haraka. Samaki aliyekuwa mita 10 chini akifika juu, hewa iliyomo bondoni inataka nafasi mara mbili. Aliyetoka mita 20, mara tatu. Utamwona tumbo limevimba kama mpira, macho yamejitokeza, na mdomoni limetoka kitu chekundu kama puto. Hapo wengi hutoboa lile puto kwa kisu wakidhani ni bondo. Si bondo, ni tumbo lake la chakula lililosukumwa nje, na ukilitoboa umemmaliza. Dawa yake ni uzito wa kilo mbili au tatu uliofungwa kamba ndefu, na juu ya uzito ndoano isiyo na kijino cha kuizuia isichomoke, imegeuzwa ncha chini. Itie kwenye ngozi nyembamba ya taya la chini, mshushe samaki hadi karibu na kina alichotoka, vuta kamba kwa ghafla, ndoano inachomoka naye anakwenda zake. Bora zaidi, ukijua mgeni hataki kuua, usimpeleke kwenye maji marefu.

Ponda vijino vya ndoano zote kwa koleo kabla ya kuondoka gatini. Lowesha mikono. Samaki wa zaidi ya kilo 20 asininginizwe kwa taya; mshike amelala, mkono mmoja chini ya tumbo, na picha isizidi muda unaoweza kubana pumzi mwenyewe. Angalia ukingo wa mfuniko wa mashavu yake, unakata kiganja kama wembe. Chini ya Murchison, ambako kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni lazima, usipige magoti mahali pamoja ukimshika samaki majini ili pumzi imrudie. Mamba anajifunza mahali.

Na bondo tuliseme wazi, kwa sababu bei yake ni kishawishi. Mgeni akishakubaliana nawe kwamba samaki anarudi, samaki yule si wako. Mkubaliane kabla ya kupanda mashua nani ni mwenye samaki, wangapi wataliwa, na wa kipimo gani.

Tunaomba kamati za mialo zifanye jambo moja lisilo na gharama. Kila jioni wavuvi waiambie kamati nyavu zimeshushwa upande gani, iandikwe kwa chaki kwenye ubao penye mizani ya samaki, na mwongozaji asipewe nafasi ya kuondoka alfajiri kabla hajausoma.

Ni sisi,
Waongozaji wa uvuvi wa mshipi,
Entebbe