Mkate wa nyama ya bata mzinga usipimwe kwa vipimo vya ng'ombe

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaotuandikia mapishi kwamba bata mzinga si ng'ombe. Mapishi mengi ya mkate wa nyama, yaani nyama ya kusaga inayofinyangwa na kuokwa kama mkate, hubadilisha jina la nyama tu na kuacha vipimo vilevile, kisha mpishi anatoa kwenye oveni kitu kikavu, kinameguka kila kisu kikigusa, na analaumu mikono yake.

Tatizo ni mafuta. Nyama ya ng'ombe ya kusaga huwa na mafuta asilimia 15 hadi 20. Kidari kitupu cha bata mzinga hakifiki hata 3. Kwa hiyo tafuta nyama ya paja, au paja lililosagwa pamoja na kidari, na unyevu mwingine uutie mwenyewe. Kwa kilo moja ya nyama, loweka gramu 100 za chenga za mkate ndani ya mililita 150 za maziwa kwa dakika 10, mpaka zilainike kabisa. Chenga hizo hushika maji na kujipenyeza katikati ya nyama, isijikaze ikipata moto. Ukizitia kavu, zitanyonya majimaji ya nyama yenyewe.

Kitunguu kikubwa kimoja kikatwe vipande vidogo sana, kikaangwe polepole na punje mbili za kitunguu saumu hadi kilainike, kisha kipoe. Hapa ndipo wengi wanapokimbilia njia ya mkato. Kitunguu kibichi hutoa maji ndani ya mkate, na ukikata, kipande kinapasuka palepale penye kitunguu. Kikiwa cha moto nacho huanza kuivisha mayai kabla ya wakati.

Changanya kwanza chenga, kitunguu, mayai mawili, vijiko viwili vya chai vya chumvi na pilipili manga. Nyama iingie mwisho. Tumia ncha za vidole, na ukiona vimechanganyika, acha. Ukiikanda kama unga wa chapati utakula mpira. Kuonja chumvi, kaanga kipande kidogo, usionje mbichi.

Bati la mkate silipendi: nyama hukaa ndani ya maji yake, pembeni ikachemka badala ya kuokwa. Ifinyange juu ya trei yenye karatasi ya kuokea, urefu sentimita 23, upana 12, kimo 6. Oka kwa nyuzi 180 za Sentigredi. Baada ya dakika 40 paka juu sosi ya nyanya vijiko sita vya chakula, iliyokorogwa na kijiko kimoja cha sukari na kimoja cha siki. Ukiipaka mapema, sukari itaungua.

Kwa kawaida huiva kati ya dakika 55 na 65, lakini saa haitoshi. Nyama ya kusaga hubeba vijidudu hadi ndani, na rangi hudanganya, kwa sababu bata mzinga huweza kubaki na wekundu ingawa ameiva. Choma kipimajoto katikati kabisa. Kisome nyuzi 74. Namba hiyo ndiyo ningependa kuiona ikichapishwa kando ya dakika kwenye kila pishi la namna hii.

Ukiutoa, uache dakika 10 kabla ya kukata, la sivyo majimaji yote yataishia kwenye ubao. Unaobaki hukaa kwenye friji siku tatu, na vipande vyake vikikaangwa kesho yake, kwa maoni yangu, ni vitamu kuliko vya siku ya kwanza.

Msomaji wenu