Kwa nini hatukukodishii gari la kwenda Amboni

Kila wiki tunapokea simu ya namna moja. Mgeni yuko hotelini Raskazone au pale katikati ya mji, ana siku moja tu ya kukaa Tanga, anataka gari la kumpeleka Mapango ya Amboni na kumrudisha. Tukimwambia gari hatuna, tuna baiskeli, wapo wanaoshukuru na kukata simu. Wengine huuliza, "Baiskeli? Na jua lote hili?" Ninawaandikia hao wanaouliza, kwa sababu swali lao ni la haki na jibu lake ni refu kuliko simu.

Amboni ni kilomita 8 hivi kutoka mjini. Nane tu, na sehemu kubwa ni lami. Tanga ni mji tambarare, na sijaona mji mwingine wa Tanzania ambao watu wake wamezoea baiskeli kama huu. Simama asubuhi kwenye barabara yoyote ya Ngamiani: utamwona mama amepakiwa kwenye keria, kikapu mapajani, mvuvi na tenga lake la samaki, mzee wa kanzu anakwenda zake taratibu, kengele ikilia kwenye kila kona. Hao wote hawajifanyi watalii. Wanakwenda kazini.

Na sisi tulikuwa na gari. Tulikuwa na Noah ya kubebea wageni, na ilikuwa inaingiza pesa, sikatai. Kilichonibadilisha ni daftari la mafuta. Jioni moja nilikaa nalo nikaona kwamba safari ya Amboni, kilomita 16 kwenda na kurudi, ilikuwa inamaliza karibu lita 2 za petroli. Nikamuuliza dereva, akaniambia ukweli: wageni wakiingia mapangoni, yeye hubaki nje injini ikinguruma ili wakitoka wakute kiyoyozi kimeshapoza gari. Sasa, lita 1 ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Watu hushangaa, maana lita yenyewe haifiki hata kilo 1. Uzito unaoongezeka unatoka hewani: kaboni iliyomo kwenye mafuta hujishika na oksijeni wakati wa kuungua. Kwa hiyo watu wawili walikuwa wanaacha karibu kilo 5 za hewa ukaa angani ili wakaone mapango ambayo maji yameyachonga polepole kwenye mawe ya chokaa, tone kwa tone. Niliona haya. Tuliiuza Noah, tukanunua baiskeli.

Turudi kwenye jua. Jua ni la kweli, ila adui mkubwa wa mpanda baiskeli hapa pwani ni upepo, na upepo una ratiba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi, wa kutoka kusini, huingia na masika na huendelea mpaka karibu na Oktoba. Katikati yake kuna maleleji, upepo haujui uelekee wapi, na hapo unaweza kwenda popote. Tena kwa siku moja, alfajiri huwa kumetulia, kuna umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, kisha kuanzia saa nne upepo wa bahari huamka na mchana huwa mkali.

Kwa hiyo sisi tunapanga hivi. Wakati wa kaskazi tunakupeleka Amboni, ambako ni kaskazini ya mji: unakwenda asubuhi upepo ukiwa bado umelala, na saa sita ukiwa umechoka, kaskazi inakusukuma mgongoni mpaka nyumbani. Wakati wa kusi tunageuza, tunakwenda Tongoni, kama kilomita 17 kusini kwenye barabara ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Ukirudi, kusi ndiyo inayokubeba. Mgeni anayelazimisha Amboni mwezi wa Julai tunampa, lakini tunamwambia mapema kwamba kurudi kutamvaa usoni.

Julai mwaka mmoja nilikwenda Tongoni na mama mmoja na mwanawe wa miaka kama 12, wametoka Dodoma. Hatujafika nusu ya njia, tairi la nyuma la mtoto likaishiwa pumzi. Mbigili. Tukasimama kwenye kivuli cha mwembe, karibu na nyumba ya mzee aliyekuwa akiuza madafu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Imewapasukia? Ngojeni niwape maji."

Akatuletea beseni. Nikang'oa tairi kwa vile vyuma viwili, nikatoa tubu, nikaijaza upepo, nikamwachia mtoto aizungushe ndani ya maji. Akapiga kelele alipoona vipovu. Tukaikausha, tukaisugua kwa msasa, tukapaka solusheni na kuipuliza mpaka ikaacha kung'aa. Hapo ndipo unapobandika kiraka. Ukiharakisha, kitabanduka mbele ya safari. Kabla ya kurudisha tubu nikamwambia apitishe vidole ndani ya tairi, taratibu, kwa sababu mwiba mara nyingi huwa bado umo na utatoboa tena palepale. Akaupata. Akaufunga kwenye leso ya mama yake kwenda kuwaonyesha wenzake.

Robo saa ilitosha. Tukanywa madafu, mzee akapata pesa yake, na akatusimulia habari za wavuvi wa upande ule ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimezisikia, na mimi ni mzaliwa wa hapa. Kwa miaka yote ya Noah nilikuwa nikipita mbele ya mwembe ule vioo vimefungwa.

Kila kikundi tunakipa mfuko wa vifaa: pampu, viraka, solusheni, msasa, tubu moja ya akiba. Usipojua kuziba, tunakufundisha dukani kabla hujaondoka, bure.

Safari zisizofaa baiskeli zipo. Pangani ni kama kilomita 50, na simshauri mtu asiyezoea aende na kurudi siku moja. Huko tunakupandisha Coaster ya abiria, tena tunakusindikiza mpaka stendi. Kwa makadirio yangu, Noah yenye watu wawili huchoma lita 5 hadi kufika Pangani, maana yake kilo 6 hivi za hewa ukaa kwa kila mmoja. Coaster huchoma zaidi, lakini imebeba watu ishirini na kitu, kwa hiyo fungu lako ni kama kilo 1. Na Coaster ingeondoka hata kama wewe hukuja. Ukiwa peke yako na haraka, bodaboda nayo si mbaya, inakunywa mafuta kidogo sana kwa kilomita. Vaa kofia ngumu tu. Wazee, wajawazito na wagonjwa tunawatafutia bajaji bila mjadala.

Wanaotoka Dar es Salaam huniuliza kuhusu ndege. Ni kama kilomita 350, basi linakufikisha siku hiyohiyo, na ukipita Muheza msimu wa machungwa utanunua kifungua kinywa ambacho hakikufungwa kwenye plastiki. Kumbuka mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo beba kapu la ukili au mfuko wa kitambaa. Chupa za maji bado zinaruhusiwa, na ndizo ninazoziokota kila siku kwenye mitaro ya barabara ya Amboni.

Baharini tunatumia ngalawa na mashua za tanga. Siku upepo ukikataa, tunaahirisha, au nahodha anawasha mashine na tunakuambia kabla hujalipa. Kitu ninachokiangalia sana huko ni nanga. Nanga ikidondoshwa juu ya matumbawe inavunja kwa dakika moja kitu kilichokua kwa miaka mingi, kwa hiyo manahodha wetu wanashusha kwenye mchanga, hata kama wageni watalazimika kuogelea mbali kidogo. Na makombe hatuwauzii wala hatuwaachi mwokote. Maji haya yana hifadhi tangu 2009, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu zao. Yuko hapahapa, chini kabisa, kwenye kina cha giza.

Ukitaka kuja, tupigie siku moja kabla na utuambie urefu wako na wa watoto. Si udadisi. Kiti cha baiskeli kikiwa chini sana, magoti yatauma kabla hujafika Amboni na utadhani tatizo ni safari. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai na vitumbua vinapatikana kwa jirani. Njoo na chupa yako tupu, dumu la maji safi liko kulia ukiingia mlangoni.