Ukurasa wa fasihi umkumbuke Anna Blaman

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaousoma ukurasa wako wa fasihi hapa Moshi, mara nyingi tukipokezana nakala moja kibandani karibu na stendi, tunaona waandishi wa Ulaya wanaotajwa ni walewale. Naomba nafasi ipatikane kwa Anna Blaman, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1905, akafariki mjini humo mwaka 1960.

Blaman aliwapenda wanawake wenzake, na katika riwaya ya Eenzaam avontuur (yaani "Tukio la upweke") ya mwaka 1948 alimchora mhusika wa namna hiyo bila kumdhihaki wala kumwadhibu. Wengi walikasirika, hata mwaka uliofuata kitabu kikafanyiwa kesi ya maigizo mbele ya hadhara, jambo ambalo naliona ni ukatili hasa, kwa kuwa aliyeshtakiwa alikuwa hai na akisikia. Hakuacha kuandika; alitunukiwa Tuzo ya P.C. Hooft ya mwaka 1956, yenye heshima kubwa nchini mwake, na leo Rotterdam ina sanamu ya pikipiki ya kumkumbuka.

Upweke anaousimulia unamgusa msomaji yeyote. Tafadhali chapisheni makala juu yake, pamoja na mashairi yake machache kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Moshi